Kuendesha baiskeli ya changarawe Flevoland: mwongozo wa siku moja kwenye polda za Uholanzi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye baiskeli ya tairi pana na siku moja ya kuendesha kilomita 75 hadi 85 katika mkoa wa Flevoland, Uholanzi. Njia nzima haina mlima hata mmoja. Aliyezoea vilima vya Iringa au Kajiado ataitazama ramani hii bapa na kudhani kazi ni nyepesi. Huku kinachomchosha mtu ni upepo, udongo wa mfinyanzi, na maji yanayokulazimisha kuzunguka. Kila kimoja kina maandalizi yake, na asiyeyafanya huishia kusukuma baiskeli kwa mguu.

Ijue ardhi kabla ya kugusa baiskeli

Flevoland ilikuwa chini ya maji. Tuta la Afsluitdijk lilikamilika mwaka 1932 na kuitenga ghuba ya Zuiderzee na bahari. Baada ya hapo Waholanzi walizungushia matuta kipande kimoja baada ya kingine cha ghuba hiyo na kuyatoa maji kwa pampu: Noordoostpolder ilikauka mwaka 1942, Flevoland ya Mashariki mwaka 1957, na Flevoland ya Kusini mwaka 1968. Ardhi iliyopatikana kwa namna hiyo ndiyo polda.

Mpaka leo pampu hazipumziki. Mitaro ya mashamba humwaga maji kwenye mifereji mikubwa miwili, Hoge Vaart na Lage Vaart, ambayo uso wa maji yake uko takriban mita 5.20 na mita 6.20 chini ya NAP, kipimo cha usawa wa bahari wanachotumia Waholanzi. Kutoka humo maji hupandishwa na kutupwa nje ya tuta, kwenye maziwa yaliyo kando ya polda. Kwa hiyo ukiwa njiani utaona mashua ziwani zikiwa juu ya kichwa chako, na huo ni mpangilio wa kawaida wa mahali hapa.

Mwendesha baiskeli anapaswa kukumbuka mambo mawili kuhusu historia hii. La kwanza ni vipimo. Mashamba ya Flevoland ya Mashariki yalikatwa kwa vipande vya mita 300 kwa mita 1,000, yaani hekta 30, na kati ya shamba na shamba kuna mtaro. Huwezi kukatiza. Ukikosa kona moja, unaenda hadi daraja linalofuata, na kosa dogo linakula kilomita tatu au nne. La pili ni udongo: hii ni sakafu ya maji ya zamani, na sehemu kubwa yake ni mfinyanzi mzito. Ukikauka unakuwa mgumu na wenye uso sawa kwa tairi. Ukilowa unanata kwenye kila kitu.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mvua na upepo

Angalia mvua ya siku tatu zilizopita, si ya siku ya safari peke yake. Kama imenyesha kwa siku mbili mfululizo, ondoa njia zote za msituni zisizomwagiwa kokoto au maganda ya kombe. Baki kwenye njia zilizoimarishwa, au badilisha mpango kabisa uvuke ziwa kwenda upande wa mji wa Harderwijk, kwenye misitu ya Veluwe. Udongo wa Veluwe ni mchanga, na mchanga una tabia ya kinyume: jua la wiki nyingi huufanya ulegee hadi tairi likazama, mvua huushikamanisha. Kanuni ya eneo hili ni nyepesi: kiangazi kikavu, endesha kwenye mfinyanzi; wiki ya mvua, endesha kwenye mchanga. Kuvuka ni rahisi, kwani kando ya barabara ya N302 kuna njia ya baiskeli inayopita chini ya ziwa la Veluwemeer.

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba. Kuanzia Septemba hadi Novemba ni mavuno ya viazi na viazisukari, na matrekta huacha tope barabarani. Tope hilo likipata manyunyu huteleza kuliko kitu kingine chochote utakachokutana nacho. Ukiona ubao wa "slipgevaar", yaani hatari ya kuteleza, iweke baiskeli wima bila kuilaza, usipige breki kwenye kona.

Upepo ndio unaoamua uzunguke upande gani. Mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Utabiri wa Uholanzi hutumia kipimo cha Beaufort: 4 ni kilomita 20 hadi 28 kwa saa, 5 ni kilomita 29 hadi 38, na 6 ni 39 hadi 49. Usidanganyike na tofauti hiyo ndogo ya namba. Ukienda kilomita 22 kwa saa dhidi ya upepo wa 30, hewa inakupiga kwa kilomita 52 kwa saa, na kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kinachokuzuia kinakuwa zaidi ya mara tano ya siku tulivu. Kwa Beaufort 5 punguza njia hadi kilomita 60. Kwa Beaufort 6 baki msituni, na usipande juu ya matuta ya ziwani.

Hatua ya 2: Andaa baiskeli

Tairi ndilo jambo kubwa. Upana wa milimita 40 hadi 45 unatosha. Chagua tairi lenye mgongo laini katikati na meno madogo pembeni, kwa sababu sehemu kubwa ya siku utakuwa kwenye lami, zege na kokoto zilizoshindiliwa. Meno makubwa yanakupunguzia mwendo kutwa nzima kwa faida ya kilomita chache, na kwenye mfinyanzi uliolowa hayasaidii: yanajaa udongo baada ya mizunguko michache na tairi linateleza kama lisilo na meno.

Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la milimita 40 lisilo na tyubu, anza na psi 29 mbele na psi 32 nyuma. Mwenye tyubu aongeze psi 4 au 5 ili tyubu isibanwe na ringi kwenye kingo za zege. Kila kilo 10 za ziada za mwili au mzigo, ongeza psi 2. Njia zikiwa na maji, punguza psi 3. Pima kwa geji. Kubonyeza kwa kidole gumba hakukuambii kitu kwa tairi pana.

Dawa ya kuziba pancha ndani ya tairi lisilo na tyubu iwe mililita 60 kwa kila tairi, na iongezwe kila baada ya miezi mitatu au minne kwa sababu hukauka. Ua wa miti ya miiba hukatwa majira ya baridi, na vipande vyake hubaki njiani hadi mwanzoni mwa machipuko. Huo ndio wakati pancha zinapozidi.

Kisha tazama nafasi kati ya tairi na fremu. Uache angalau milimita 6 kila upande, kwenye uma wa mbele na nyuma karibu na krenki. Ikiwa madigadi yako yanabana, yaondoe siku ya kwenda msituni: mfinyanzi na majani hujipanga ndani yake hadi gurudumu likasimama.

Gia ni suala ambalo wengi hulipuuza kwa sababu nchi ni tambarare. Hapa huhitaji gia nyepesi sana. Unahitaji gia zinazokaribiana. Upepo hubadilika kidogo kidogo kila unapopita kichaka au nyumba ya shamba, na ukiwa na meno yanayorukana mbali utajikuta gia moja nzito mno na inayofuata nyepesi mno, saa nzima. Sahani mbili za mbele za meno 46 na 30 pamoja na kaseti ya 11 hadi 34 nyuma hufanya kazi vizuri. Mwenye sahani moja ya 40 au 42 atafika pia, ila miguu yake italalamika mapema.

Vya kubeba: tyubu mbili, viraka na gundi, vizibo vya mpira vya tairi lisilo na tyubu, pampu, funguo za alen, kiungo cha akiba cha cheni, kipande cha akiba kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma kwenye fremu, na kijiti cha mbao chenye ncha bapa, urefu wa sentimita 20, cha kukwangulia udongo. Sheria inataka kengele, taa nyeupe au njano mbele na nyekundu nyuma wakati wa giza au ukungu, na viakisi. Simu iweke kwenye mfuko usiopitisha maji. Kuishika mkononi huku unaendesha kumepigwa marufuku tangu Julai 2019, na faini yake si ndogo.

Hatua ya 3: Fika kwa treni

Katika mji wa Almere, anza stesheni ya Almere Oostvaarders, malizia stesheni ya Almere Centrum. Baiskeli isiyokunjwa huhitaji tiketi yake ya siku, na hairuhusiwi ndani ya treni Jumatatu hadi Ijumaa kati ya saa 12:30 na saa 3:00 asubuhi, wala kati ya saa 10:00 na saa 12:30 jioni. Julai na Agosti kizuizi hicho huondolewa. Ingia kwenye mlango wenye alama ya baiskeli. Milango mingine haina nafasi, na kondakta atakushusha.

Hatua ya 4: Njia yenyewe

Upepo ukitoka kusini-magharibi, zunguka hivi:

1. Toka Almere Oostvaarders kuelekea kaskazini-mashariki, upite kando ya hifadhi ya Oostvaardersplassen. Upepo uko mgongoni. Usitumie nguvu zako hapa kwa sababu tu mwendo unapendeza.

2. Ingia kwenye Knardijk, tuta linalotenganisha Flevoland ya Mashariki na ya Kusini. Lifuate kuelekea kusini-mashariki, ukipita karibu na misitu ya Hollandse Hout na Knarbos, hadi Harderhaven. Upepo sasa unakupiga kutoka kulia. Hakuna kinga juu ya tuta.

3. Kutoka Harderhaven geuka kusini-magharibi, ukifuata ukingo wa ziwa Wolderwijd hadi mji wa Zeewolde. Hii ndiyo sehemu ngumu ya siku: upepo wa uso kwa takriban kilomita 10. Kula na kunywa Harderhaven kabla ya kuanza, kwa sababu ukiinama dhidi ya upepo hutakumbuka chupa.

4. Zeewolde ndipo pa kujaza maji na kupumzika. Baada ya hapo ingia Horsterwold, msitu wa takriban hekta 4,000, mmojawapo wa misitu mikubwa ya miti ya majani mapana Ulaya Magharibi, wote ukiwa umepandwa na watu baada ya 1968. Njia zake za kokoto na udongo ndizo zinazoihalalisha safari hii kuitwa ya changarawe. Kaa humo kwa muda mrefu kadiri udongo unavyoruhusu. Miti inakata upepo, na ukiwa umechoka na tuta utahisi tofauti ndani ya mita 100 za kwanza.

5. Toka msituni kuelekea kaskazini-magharibi, ufuate njia za kando ya Hoge Vaart hadi Almere, ukipita misitu ya pembezoni mwa mji.

Upepo ukitoka kaskazini-mashariki, jambo la kawaida siku kavu za machipuko, geuza mzunguko wote: anza na Horsterwold, umalizie kando ya Oostvaardersplassen upepo ukikusukuma nyumbani.

Kuhusu Oostvaardersplassen: lilikuwa eneo la chini kabisa la polda, likapangiwa viwanda vizito, likabaki na maji na matete, na ndege wakalichukua. Tai mkia-mweupe alitaga hapo mwaka 2006, na sasa eneo hilo ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Nieuw Land iliyotangazwa mwaka 2018. Farasi na kulungu wako ndani ya uzio. Njia ya baiskeli iko nje yake. Usitafute pa kupenya. Panafaa kuheshimiwa, na mahali pa kutazamia wanyama na ndege viko vya kutosha.

Hatua ya 5: Andika namba, soma mbao

Uholanzi ina mtandao wa makutano yenye namba, "knooppunten". Kila makutano yana namba yake ndani ya duara, na mshale unaelekeza kwenye namba zinazofuata. Andika namba za njia yako kwa mpangilio kwenye kipande cha plasta na ukibandike kwenye bomba la juu la fremu. Betri ya simu huisha, plasta haiishi. Mtandao huu lakini hukupitisha zaidi kwenye lami, kwa hiyo sehemu za msituni zichore mwenyewe kwenye ramani usiku uliotangulia, ukihakikisha kila mfereji una daraja pale unapotaka kuuvuka.

Maneno ya kuyajua: "fietspad" ni njia ya baiskeli, "ruiterpad" ni ya farasi, usiingie, na kwato zimeshaiharibu hata hivyo, "wandelpad" ni ya miguu, "doodlopende weg" ni barabara isiyotokea popote, "eigen weg" ni barabara ya mtu binafsi, "uitgezonderd fietsers" maana yake katazo hilo halikuhusu wewe mwenye baiskeli, "verboden toegang" ni marufuku kuingia. Misitu ya serikali husimamiwa na Staatsbosbeheer, na kwa kawaida hufunguliwa kutoka jua kuchomoza hadi kuzama. Kati ya 15 Machi na 15 Julai baadhi ya njia hufungwa ndege wakiwa wanataga. Majani yaliyokatwa kando ya mifereji hufanana na njia lakini mara nyingi ni ya magari ya kutunza mifereji. Soma ubao wa mwanzoni kabla ya kuyafuata.

Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda akumbuke kuwa huku watu hukaa upande wa kulia. Kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako hupita kwanza, awe na gari au baiskeli. Pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani zikikuelekezea ncha, wewe ndiye unayesubiri.

Hatua ya 6: Kuendesha

Kwenye upepo wa uso, endesha kwa nguvu ya kudumu na usahau mwendo. Kilomita 16 kwa saa ni sawa kabisa. Anayetazama kipima mwendo na kulazimisha 22 huishiwa kabla ya Zeewolde. Inamisha viwiko, shusha kifua. Mkiwa wawili, pokezaneni mbele kila dakika tatu hadi tano, wa nyuma akikaa karibu sentimita 50 hadi mita moja. Kwenye upepo wa ubavu, wa nyuma asogee upande usiopigwa na upepo. Sheria inaruhusu wawili kwenda sambamba, lakini msijaze njia nzima, kwani kuna wazee, watoto na baiskeli za umeme.

Vyuma vya kuzuia mifugo vilivyolazwa barabarani, "wildrooster", vivuke kwa pembe ya mraba, mwendo wa wastani, bila breki na bila kugeuza usukani. Vikilowa, tairi lililoingia kwa mshazari huteleza papo hapo. Barabara za mashamba za mabamba ya zege zina mianya inayokwenda urefu wa njia. Endesha katikati ya bamba, na ukitaka kuhama upande, kata kwa pembe kubwa.

Usiende kwenye ukingo wa nyasi karibu na mtaro. Nyasi huficha udongo uliomomonyoka, na kingo ni mteremko wa kuteleza. Ukiangukia majini, tope la chini ni zito: jishikilie kwenye nyasi na matete, toka kwanza, baiskeli baadaye. Namba ya dharura ni 112.

Mwili nao una shida ya pekee kwenye tambarare. Hakuna mteremko wa kukupumzisha, kwa hiyo unakaa na kukanyaga saa nne mfululizo kwa mkao uleule. Ganzi ya vidole na maumivu ya makalio hutokana na hilo. Simama juu ya pedali sekunde 20 kila dakika kumi, na badilisha mahali pa kushika usukani. Kula gramu 40 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja kubwa na kipande kimoja cha mkate wenye jemu vinakaribia hapo. Kunywa nusu lita kwa saa. Maji ya mifereji na maziwa usiyanywe hata ukichuja, kwani wakati wa joto huota mwani wenye sumu.

Mambo yanapoharibika

Gurudumu likianza kukwama kwa udongo, shuka mara moja. Ukiendelea kukanyaga, mfinyanzi na vijiti huvuta kibadili gia cha nyuma hadi kikaingia kwenye spoki, na hapo safari imeisha. Kwangua kwa kijiti, kuanzia chini ya breki, kisha nyuma ya krenki, kisha cheni. Beba baiskeli begani hadi kwenye njia ngumu. Kuisukuma kwenye mfinyanzi huijaza upya.

Tairi likivuja maji ya dawa, zungusha gurudumu tundu liwe chini, subiri dakika moja. Lisipoziba, chomeka kizibo cha mpira, ongeza upepo. Tundu likizidi milimita 6 weka tyubu, lakini kwanza pitisha vidole ndani ya tairi pole pole, kwa maana mwiba uliobaki utatoboa tyubu mpya.

Baada ya dhoruba, mipopla na mierebi ya Horsterwold huangusha matawi. Ilikua haraka na mbao zake ni laini. Kaa nje ya msitu siku hiyo. Kati ya Mei na Julai usiegemeze baiskeli kwenye mwaloni wala kukaa chini yake, kwani kuna viwavi ambao nywele zao huwasha vibaya ngozi na macho. Ukiguswa, osha kwa maji mengi bila kusugua.

Ukifika nyumbani

Kabla ya kuoga, kagua kupe nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni na kwapani. Kupe akikutwa, mng'oe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila mafuta wala spiriti. Akitolewa ndani ya saa 24, hatari ya ugonjwa wa Lyme hupungua sana. Andika tarehe, na kwa miezi mitatu tazama kama duara jekundu linapanuka mahali alipouma. Likitokea, muone daktari.

Baiskeli ioshe siku hiyo hiyo kwa ndoo na brashi, bila mashine ya shinikizo, ambayo husukuma maji ndani ya beringi. Mfinyanzi mbichi hutoka kwa maji matupu. Ukikauka unakuwa wa kukwangua. Futa cheni hadi kitambaa kitoke safi, tia tone moja la oili kwa kila pingili, zungusha, futa tena ya nje. Tazama brekipadi, kwa sababu tope la polda lina chembe zinazozila. Zikibaki chini ya milimita moja, badilisha.